Siku Niliyojenga Ndiva Moshi Mjini

Nyie mnaonicheka kwamba sikanyagi Moshi, leo nitawaambia ukweli, maana nimechoka kusingiziwa kwamba naogopa gari la moshi. Siliogopi. Ninachoogopa ni kukutana na watu wa mtaa ule wakanitambua, kwa sababu mimi, mtu mzima na akili zangu, msimamizi wa maji kwetu Vudee, niliigharikisha nyumba ya wageni mchana kweupe, tena bila hata tone la mvua.

Ilikuwa enzi za Mwingereza, mwaka mmoja ambao kahawa ilitukubali. Mke wangu, Mama Mbonea, alikuwa amezaa watoto watatu wa kufuatana (Mbonea ana miaka saba, Nakijwa minne, na Elisante ndiyo kwanza ameanza kukimbia), na alikuwa amechoka uchovu ule ambao mtu hausemi, anakutazama tu. Sasa mimi nilikuwa nimesikia kwa karani mmoja pale Same kwamba Wazungu wakichoka wanakwenda mji mwingine kukaa. Hawafanyi kitu, wanakaa tu. Nikaona hili jambo hata sisi tunaliweza, nikamwambia mke wangu tutakwenda Moshi siku tatu, sote na watoto, na siku zote hizo yeye hatagusa jembe wala ndoo.

"Hata ndoo?" akaniuliza.

"Hata ndoo. Kule maji yanatoka ukutani."

"Na watoto?"

"Watoto niachie mimi," nikasema (mimi, ambaye sikuwahi kumvalisha mtoto shati vifungo vikalingana).

Hakucheka. Akasema, "Baba Mbonea, nikilala mpaka jua litoke, hata siku moja tu, nitakushukuru." Basi hapo ndipo aliponifunga. Nilitaka alale, jamani. Kweli kabisa nilitaka mwanamke yule alale.

Tukateremka mlima hadi Same, tukapanda gari la moshi daraja la tatu, na watoto wamevaa masweta ya baridi ya Vudee katika joto lile la tambarare, wanatokwa jasho na mimi nawaambia watulie, mpaka bibi mmoja aliyekaa mbele yetu akaniuliza kama nawapika. Moshi nikawa na mpango wangu kichwani: sokoni, maduka ya Wahindi, stesheni, kanisa kubwa. Mpango mzuri sana kama huna watoto. Kufika saa sita Nakijwa alikuwa amekaa chini katikati ya barabara hataki kuinuka, Mbonea anataka turudi stesheni akaangalie injini, Elisante amenikojolea shingoni, na aliyewabeba wawili kurudi nao kwenye nyumba ya wageni tulikopanga ni nani? Mama yao. Siku ya kwanza ikapotea hivyo.

Siku ya pili nikasema leo hatuendi popote. Asubuhi nikawatoa watoto uani, nikarudisha mlango polepole, nikachungulia. Mama Mbonea amelala! Jua limeshatoka, ndege wanapiga kelele, na yeye amelala, mdomo wazi kidogo. Tangu tuoane sikuwahi kumwona amelala jua likiwaka. Nilifurahi mpaka nikajipongeza, nikakaa kwenye kigoda kama mlinzi wa benki.

Watoto wakakaa kimya kwa muda wa kumenya ndizi moja. Kisha Mbonea akasema, "Baba, maji yanapotea."

Ni kweli yalikuwa yanapotea. Koki ya pale uani ilikuwa haifungi vizuri, maji yanatiririka kwenye mtaro wa saruji unaopita mbele ya vyumba, yanatokea kwenye tundu la ukuta, yanakwenda zake barabarani. Nyie mnajua sisi watu wa milimani. Kwetu maji ya mfereji tunayakusanya usiku kwenye ndiva, lile bwawa letu la mawe na udongo, asubuhi tunayafungulia mashambani kwa zamu, na mtu akiyaacha yapotee anaitwa kikaoni. Mtoto wangu anaona maji yanapotea, na baba yake ndiye msimamizi! Nilipaswa kusema, "Yaache." Nikasema, "Haya, tujenge ndiva ndogo, lakini kimya kimya, mama asiamke."

Mwanzoni ulikuwa mchezo wa watoto. Kisha nikaona wanapanga mawe vibaya, nikasema ngoja niwaelekeze, na baada ya hapo (nasema ukweli) hakukuwa na mtoto aliyegusa kitu. Nilichimba udongo kwenye migomba ya mama mwenye nyumba, nikaukanda, nikaziba lile tundu la ukuta kwa jiwe na gunia, nikasiliba, nikapigapiga kwa kiganja. Ndiva ikashika! Wapangaji wawili wakaja kutazama, nami nikaanza kuwahutubia namna ya kuchagua udongo. Elisante akasema maji bado ni kidogo. Nikafungulia koki yote.

Sasa, jambo la kwanza ninalowafokea vijana kwetu kabla hawajaziba maji popote ni hili: tazama kwanza yakizidi yatakwenda wapi. Mimi sikutazama. Yalikwenda nyuma, yakapanda kibaraza, yakapita chini ya mlango wa mama mwenye nyumba penye magunia yake ya unga, yakapita chini ya mlango wa wale wapangaji, na yakaingia chumba cha mwisho, ambacho kilikuwa chini kidogo kuliko vingine. Chumba chetu.

Nikasikia sauti ya mke wangu: "Yesu wangu! Mto!"

Wakati huohuo, kana kwamba aibu ile haikutosha, akaingia bwana afya wa mji, kofia na daftari, katika mzunguko wake wa kukagua maji yaliyotuama. Akatazama ndiva yangu. Akazunguka akaitazama upande wa pili.

"Nani anafuga mbu hapa?"

"Watoto, bwana," nikasema. Ndiyo, nilisema hivyo. Niliwasingizia wanangu.

"Si sisi!" Mbonea akaruka, tena kwa fahari, mtoto wa watu. "Ni baba! Baba ndiye msimamizi wa ndiva Vudee nzima!"

"Basi msimamizi aifungue," bwana afya akasema.

Kwa kupapatika nikalichomoa lile jiwe mara moja, na maji yote yakatoka kwa kishindo upande wa pili wa ukuta, ambako akina mama walikuwa wametandika magunia na nyanya zao. Nilisikia mayowe. Nilisikia na watoto wangu wanashangilia, maana kwetu ndiva ikifunguliwa watoto hushangilia. Wale akina mama wakaja mlangoni kumtazama huyo Mpare aliyeleta mafuriko, na nyuma yao mtaa mzima, na mimi nimesimama katikati, tope hadi magotini.

Bwana afya akaniamuru nisafishe mtaro wote mpaka barabarani. Nimeinama nakwangua, nikainua macho, nikamwona Mama Mbonea, kanga imelowa, anatoa maji chumbani kwa ndoo.

"Acha, Mama Mbonea, nitafanya mimi."

"Utafanya saa ngapi?" Hakunifokea. Afadhali angenifokea. Niliona aibu kuliko ile ya bwana afya na wauza nyanya wote wakiwekwa pamoja, kwa sababu macho yake bado yalikuwa na usingizi.

Tulirudi nyumbani siku hiyohiyo. Kufika Hedaru nikajikaza, nikamwomba radhi... hapana, nasema uongo, Hedaru iko mbele ya Same, hatukufika huko. Mnaona, hata kusimulia tu nachanganyikiwa. Ilikuwa kabla ya kufika Same. Nikamwambia, "Mwaka ujao nitapanga vizuri zaidi."

Akanitazama. "Mwaka ujao nitakwenda peke yangu."

Na alikwenda. Nilimsindikiza stesheni ya Same na watoto wote watatu, wanamlilia dirishani, na ndani ya moyo wangu nilitumaini kidogo kwamba atashuka. Akapunga mkono mara moja, akafunga dirisha, na kabla gari halijaondoka nikaona kichwa chake kimeshaegemea kioo, macho yamefumba.

Tangu siku ile nimeapa. Mke wangu akitaka kupumzika, nabaki Vudee na watoto, na simpangii chochote.