Jina Lililoitwa Ukumbini

Hofu niliyoipata siku chuo kikuu kilipofungua mwaka wa masomo sijaipata tena, hata siku ya kujifungua mtoto wangu wa kwanza. Wenzangu waliona majoho, bendi ya polisi, mkuu wa chuo akipanda jukwaani. Mimi niliona mlango tu, nao ulikuwa mbali.

Jina nililosomea halikuwa langu. Lilikuwa la dada yangu, mtoto wa baba mkubwa. Kwetu, nje kidogo ya Maganzo, tulifanya mtihani wa darasa la saba pamoja. Yeye alichaguliwa kwenda sekondari, mimi nilifeli. Lakini ng'ombe wa mahari yake walikwisha kuingia zizini, na wazee wakaona nafasi isipotee bure: yeye akaolewe, mimi nikasome kwa jina lake. Hakuna aliyetuuliza.

Sasa kila mwanafunzi mpya alikuwa akiitwa, anasimama, anainamisha kichwa mbele ya mkuu wa chuo. Zamu yangu ilipokaribia nikamwona, safu ya pili, mwalimu wetu wa darasa la saba. Alihamishwa kabla majibu hayajatoka, na sasa naye amekuja kusoma, na mvi zake. Siku za mwizi arobaini, nikajisemea, na hii ndiyo ya arobaini. Neno lake moja tu, ningefukuzwa.

Jina likaitwa. Mwalimu akageuka upesi, anatabasamu, anamtafuta mwanafunzi wake. Akaniona mimi ndiye niliyesimama. Tabasamu likafutika.

Alinisubiri nje.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Mwenyewe yuko wapi?"

"Ameolewa, mwalimu. Ana watoto wanne."

"Alikuwa na akili sana, yule," akasema, akaenda zake. Hakunisemea kwa mtu, lakini miaka yote mitatu nilikuwa nikimwona kwa mbali nabadilisha njia.

Likizo nilipokwenda nyumbani nilimkuta dada anatwanga mtama. Nilimsimulia yote, nikidhani ataogopa pamoja nami. Akauegemeza mchi kwenye kinu.

"Waliliita kwa sauti?"

"Kwa kipaza sauti, dada."

"Hebu liite, vilevile walivyoliita."

Nikaliita. Dada akafuta mikono kwenye kanga, akasimama wima, kisha akainamisha kichwa.