Majina ya Babu Yaliyokatwa kwa strtok

Nakumbuka tulipokuwa wadogo kule kijijini Izigo, mgeni akifika nyumbani hakuulizi uko darasa la ngapi. Akishaketi na kupewa kahawa ya kutafuna, anauliza: wewe ni wa nani? Unapiga magoti, mikono ingali na utomvu wa ndizi, unamtaja baba, babu, baba wa babu, unapanda hivyo hivyo mpaka mwanzo wa ukoo. Ukiruka jina, babu yetu Ta Rwegasira anakukatiza. "Anza upya, waitu! Huyo uliyemruka alikuwa mtu!" Tunaanza upya huku machozi yanatutoka na senene, panzi wetu wa kukaanga, wanapoa jikoni.

Kabla babu hajafariki niliketi naye kibanjani, katikati ya migomba yake, nikaandika majina yote kwenye kompyuta kuanzia lake mwenyewe, mstari mmoja, mkato baada ya kila jina. Kompyuta ile ilikufa, faili likabaki kwenye flashi tu. Mwezi uliopita nikaipeleka mjini, mtaa wa Hamugembe, kwa Jeni, binti wa kaka yangu anayesomea kompyuta, atupangie ukoo vizuri. Nikamwambia: nakili kwanza.

Hakunakili! Alitumia strtok, amri ya lugha ya C ya kukata maandishi vipande. Nimeandika C tangu hawa hawajazaliwa, na walimu wetu walitufokea mpaka ikatuingia: strtok inakata maandishi yenyewe. Penye mkato inaweka sifuri, na kompyuta ikikuta sifuri inajua maneno yameishia hapo. Jeni akaona majina yanapita kwenye skrini, akafurahi, akahifadhi mstari ule ule juu ya faili la babu, akazima. Nilipolifungua, lilikuwa na neno moja tu: Rwegasira.

"Lakini baba mdogo, si unayakumbuka?" aliniuliza, macho kwenye simu.

Nilichomoa flashi kwa hasira. Hasira hiyo bado ninayo. Vijana hawa wanajua kila densi ya mtandaoni, hata ya juzi, lakini baba wa babu yao hawamjui, na wala hawaoni kama wamepungukiwa na kitu.

Enzi zetu ukiruka jina moja, nyumba nzima inasikia unavyofokewa. Siku hizi mtu anafuta ukoo mzima na mashine haisemi kitu. Na mzee aliyekuwa akitusahihisha tumeshamzika. Jana nilifunga mlango, nikaanza kuyataja kwa sauti, kama tulivyofundishwa. Nilifika kwa baba wa babu, nikakwama. Nikaanza upya, nikakwama pale pale, na hakuna aliyenikatiza.