Sharti la Bi Pini

Ukimkuta Bi Pini kazini, usitegemee kumwelewa. Huzungumza huku pini nne au tano amezibana midomoni, maneno yakitoka nusunusu, na mteja hubaki akibahatisha kama ameambiwa aje Jumanne au asije kabisa. Ndiko lilikotoka jina. Miaka thelathini na moja ameshona katika chumba kilekile cha mbele, cherehani ya miguu chini ya dirisha, goti la kulia likinung'unika kila mvua inapokaribia. Sare za shule, suti za mabwana harusi, hata mapazia ya zahanati, yote yamepita mikononi mwake.

Kiwanda cha samani kilipofungwa, nusu ya mtaa ilibaki haina mbele wala nyuma. Wengine wangefunga mlango na kusema kila mtu na lwake. Bi Pini alitoa kitanda cha wageni chumbani, akapanga meza mbili, akapita nyumba kwa nyumba akiulizia vitu vilivyokaa bure: mashuka, sufuria, viatu vilivyowabana wenyewe. "Kama hujakigusa tangu mwaka jana, hicho si chako, unamtunzia mwenzio," aliwaambia. Watu wakatoa. Chumba kikajaa hadi paka akakosa pa kulala.

Na hapo ndipo mama huyu hodari alipoharibu. Tusimfichie, maana mwenyewe hajifichi.

Mke wa mwenye duka la dawa alileta sweta la shule lililoanza kumbana bintiye. Bi Pini akampa seremala mmoja wa wale walioachishwa kazi, kwa ajili ya binti yake, mwembamba kidogo, aliyesoma darasa moja na huyo binti wa duka la dawa. Alichosahau ni kiwiko. Sweta lilipotoboka mwaka uliotangulia, ni yeye aliyelitia kiraka cha umbo la jani, kiraka cha kujivunia, kisicho na mwenzake mjini. Basi asubuhi ya kwanza tu, mbele ya darasa zima, binti wa duka la dawa akanyoosha kidole: "He! Hilo si sweta langu? Jani langu lile pale!"

Darasa likaangua kicheko. Binti wa seremala akalivua, akalikunja vizuri, akarudi nyumbani, na shuleni akakataa kurudi. Mtihani wa mwisho ulikuwa umebakiza wiki tatu, na yeye ndiye aliyekuwa akiongoza darasa.

Seremala alilirudisha sweta mwenyewe. "Dada, asante sana," alisema, akakataa kukaa. "Lakini mtoto amegoma. Anasema afadhali baridi kuliko kunyooshewa kidole. Na mimi siwezi kumlazimisha, maana hata mimi ningeumia."

Bi Pini alilia siku ile, machozi ya hasira, akilitazama jani lake. Watu hupenda kusema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Ni kweli, ila wanaoisema sana ni watoaji. Anayepokea huachiwa ameze aibu yake kimyakimya, kisha aseme asante.

"Si ufumue hicho kiraka, yaishe?" wifi yake alimshauri.

"Nikifumua kiraka, wifi, na macho ya watu nitayafumua?"

Kesho yake alibandika karatasi mlangoni: HAPA HAKUNA KUTOA BILA KUCHUKUA, WALA KUCHUKUA BILA KUTOA.

Mtaa ulimcheka. Wifi aliapa kwamba uzee umeanza: maskini atoe nini? Lakini wenye shida walielewa upesi kuliko wote. Walikuja na kikombe kilichozidi, ndoo, kamba ya kuanikia nguo, mfuniko uliofiwa na sufuria yake. Seremala alileta kigoda chenye egemeo alichokiunda kwa mabaki ya mbao. Wagumu walikuwa wenye nacho.

"Mimi nichukue nini, jamani?" alishangaa mke wa mwenye duka la dawa, mfuko wa nguo mkononi. "Kwangu kumejaa kila kitu. Wape wanaohitaji."

Bi Pini alitema pini zote kiganjani. Hilo hulifanya kwa nadra.

"Shoga yangu, mama mkwe wako anaota jua kila asubuhi amekalia kreti ya soda, mgongo hauna pa kuegemea. Kigoda hicho hapo."

"Sawa, lakini watu watanionaje? Mimi nibebe kitu cha kupewa?"

"Ehee! Hiyo aibu unayoisikia sasa hivi, binti wa seremala ameibeba peke yake na kukaa nayo nyumbani. Mpunguzie. Kama huwezi, rudi na nguo zako."

Tusidanganyane, Bi Pini aliogopa. Nusu ya vitu vya mezani vilitoka kwa mama huyo, na akinuna yeye, wenzake nao wangenuna. Lakini hakulirudisha nyuma neno lake. Mama yule aliuweka mfuko mezani, akakipachika kigoda kwapani na kukatiza nacho mtaani jua likiwaka.

Jioni ile Bi Pini alikwenda kwa seremala. Hakuhubiri. Alimweleza binti kigoda kilikokwenda na nani aliyekibeba, akaliacha sweta juu ya meza.

Jumatatu asubuhi Bi Pini alikaa kwenye cherehani bila kushona. Wanafunzi walipita makundi kwa makundi, na roho ikaanza kumnyong'onyea. Ndipo akamwona, sweta mwilini, akitembea haraka, peke yake. Nyuma yake binti wa duka la dawa alikuwa akikimbia.

"We! Ngoja! Umevaa lile sweta langu?"

Bi Pini alisimama, licha ya goti lake.

Binti wa seremala aligeuka. "Ndiyo, ndilo. Na bibi yako, kile kigoda chetu kinamfaa?"

"Anakipenda huyo! Hataki mtu mwingine akikalie."

"Mwambie baba amesema asikiache kwenye mvua, kitapinda."

"Haya, nitamwambia."

Wakashika njia pamoja, wakibishana juu ya swali la hesabu. Bi Pini akakaa chini, akalia kwa mara ya pili mwezi ule, safari hii bila hasira.