Vidonge vya Damu Kwenye Pindo la Kanga

Jamani! Niko kwenye benchi la hospitali.

Nina mimba ya miezi sita na damu yangu iko chini, kwa hiyo kliniki walinipa vile vidonge vyekundu vya kuongeza damu.
Huwa navifunga kwenye pindo la kanga ili nisivisahau nikienda kuponda mawe ya dhahabu.
Pindo hilohilo ndilo ninalofungia pipi za Kabula, binti yangu wa miaka miwili.

(Najua. Msinitukane bado.)

Leo mchana nikamtandikia kanga hiyo kivulini, nikaendelea kuponda.
Kugeuka, fundo limefunguliwa. Midomo ya Kabula myekundu. Anacheka!

Jirani yangu Mama Doto akasema, "Mbona mzima huyu? Mpe maziwa, tumwangalie."
Nilitaka sana kumwamini.
Halafu nikahesabu. Vilikuwa kumi, vimebaki vitatu.

Nikambeba Kabula, nikadandia bodaboda hadi hospitali. Hata shikamoo kwa nesi nilisahau.

Nesi hakucheka. "Umefanya vizuri kutongoja. Kwa mtoto dawa hii ni sumu. Anaweza kuonekana mzima, kisha akabadilika ghafla."

Wamemtundikia dripu. Kalala mapajani kwangu. Akitulia sana, namtikisa.

Wajawazito wenzangu, vidonge vyenu viko wapi sasa hivi? Inukeni mkaviweke juu, kwenye kopo lenye kifuniko.

Kabula kaamka.
Mkono wake umeenda moja kwa moja kwenye pindo la kanga.