Tulipoufuata Mto Hadi kwa Kaka

Mwanangu, ipo siku moja ya kiangazi ambayo hadi leo naikumbuka kama ya jana. Nilikuwa nimeolewa si muda mrefu, kijiji cha chini mtoni, nikitokea kijiji cha juu, na nilikuwa na mtoto mmoja mdogo. Biashara ya mazao ilikuwa imeachiwa huru. Wanunuzi binafsi walikuja na malori yao kutoka Bariadi, wakitaka chochote, si pamba tu. Kaka yangu Masanja, kule juu, akalima nyanya kando ya mto, akayaziba maji kwa viroba vya mchanga. Huku kwetu chini mto ukakauka, tukachimba mchangani hadi vidole vikachubuka, ng'ombe wanalia.

Vijana wakashika fimbo na mapanga wakapigane na watu wa juu, mume wangu akiwemo. Mimi nililia tu. Ningeomba upande gani ushinde?

Mama mkwe wangu, tuliyemwita Mayu, yaani mama, akawazuia njiani. "Ngojeni nirudi," akasema. Kisha akanigeukia: "Mbebe mtoto, twende kwenu."

Tukapandisha mto, kijiji hadi kijiji. Kila mahali wanawake walikuwa wameinama kwenye mashimo makavu, na Mayu akasimama kuwasalimu. Kumbe hatukuwa peke yetu.

"Mwadila, mayu," kaka akamsalimu tulipofika shambani kwake, macho yakitazama nyuma yetu kama tumekuja na watu. Mayu hakumlaumu. Aliomba maji ya mjukuu wake. Kaka akaleta kata, akamnywesha mpwa wake mwenyewe. Mtoto akanywa kwa pupa hadi akapaliwa.

"Ana kiu hivi?"

"Wote wana kiu, baba," Mayu akajibu. "Na nyanya zako nazo zina kiu, naziona. Tufanyeje?"

Kaka akaligeukia shamba lake. Nyanya zile ndizo zilizokuwa zikiwasomesha wanawe, na Mayu alilijua hilo. Mwishowe kaka akasema atamwagilia asubuhi, kisha ayaachie maji yateremke. Akaingia mtoni, akavuta kiroba cha kwanza.

Sehemu ya shamba ilikauka mwaka ule. Mume wangu ndiye aliyekwenda kumsaidia kaka kuchuma nyanya zilizobaki.

Basi mwanangu, maji yakikatika, usitangulize fimbo. Mwendee aliye juu yako, umsikilize naye shida yake. Na ukiwa juu wewe, wafikirie wanaokunywa baada yako. Mungu akujalie majirani wa kusemezana nao, na watoto wako wasilale na kiu.