Leso za Baba na Oili ya Giaboksi

Juzi nilipeleka gari kwa fundi Buguruni, nikamwomba aniangalizie oili ya giaboksi. Akafungua boneti, akainama, akanyanyuka. "Dada, hii haina stiki ya kupimia. Hizi za siku hizi zimezibwa huko huko kiwandani. Wewe endesha tu." Mimi nimesimama pale na leso nyeupe mkononi, nimeitoa nyumbani kabisa, nimeipiga pasi. Nikairudisha kwenye pochi. Njia nzima nilikuwa nimenuna, na ukiniuliza nilimnunia nani nitakwambia sijui.

Maana mimi, rafiki yangu, oili ya giaboksi ndiyo Jumapili yangu ya utotoni. Tulipanga Kariakoo, upande wa Msimbazi, nyumba ya Kiswahili yenye ukumbi mrefu katikati na vyumba huku na huku. Mbele baraza, nyuma uani, na uani kamba moja ya kuanikia nguo iliyogombaniwa na nyumba nzima. Asubuhi uliamshwa na harufu ya maandazi na mlio wa mikokoteni inayoenda sokoni. Mwenye nyumba alikuwa mama wa makamo kutoka Lindi, na baraza ilikuwa yake. Alikaa pale na birika la kahawa, na hakupita paka mtaani bila yeye kujua anatoka wapi.

Baba alikuwa Mchaga wa duka, anauza ndoo na mabeseni kwa jumla. Biashara ilipomkalia vizuri akanunua gari la Kijapani, rangi ya maziwa, otomatiki. Wakati ule otomatiki mtaani kwetu ilikuwa kichekesho. Walisema ni gari la akina mama, na kwamba giaboksi yake ikifa hakuna wa kuifufua, utafugia kuku. Baba alicheka nao, lakini maneno yalimwingia. Alikuwa na jambo moja tu moyoni: Krismasi ile gari lifike Moshi kwa mama yake. Bibi alishatuma salamu kwamba gari la mwanawe analisikia midomoni mwa watu tu, ataamini siku atakapoliona kwa macho yake kihambani, limesimama kwenye migomba yake. Baba hakulala vizuri tangu apate salamu zile.

Basi kila Jumapili tukitoka kanisani tulizunguka na gari hadi Kivukoni na kurudi, injini ipate moto. Tukifika nyumbani Baba aliliegesha mbele ya nyumba, palipo sawa, akaweka mawe kwenye matairi na kuvuta hendibreki. Kisha mimi nikapandishwa kwenye kiti cha dereva, mto mgongoni, miguu yote miwili kwenye breki. "Kanyaga kama unaua nge," alisema. Injini ikinguruma, nilishusha gia herufi moja baada ya nyingine, taratibu, mpaka ya mwisho, halafu nikapandisha mpaka P, ya kuegeshea. Kila herufi gari lilishtuka kidogo, na mimi nilishtuka nalo. Hapo ndipo Baba alipochomoa stiki, akaifuta, akaichovya tena, akaichomoa na kuisoma. Kufutia ilikuwa lazima leso nyeupe ya mfukoni, maana tambara jeusi, alisema, litakudanganya. Oili nzima ni nyekundu kama juisi ya rozela. Ikiwa ya kahawia na inanuka kuungua, anza kutafuta kuku.

Sasa kwa kuwa hakutaka watu wajue kwamba ana hofu, Baba aliwaambia anaangalia maji ya rejeta. Na yale ya stiki aliyafanya kwa siri, amewapa mgongo.

Hebu nenda kakae barazani na yule mama wa Lindi, uone alichokiona yeye. Mwanamume mzima anainama nyuma ya boneti. Moshi wa ekzosi unamgeukia, anakohoa. Anatoa leso nyeupe, anainama nayo, na leso inarudi ina wekundu. Anaitazama kwa muda mrefu. Anainusa. Anatikisa kichwa, anaikunja ndogo kabisa, anaificha mfukoni. Kesho yake Mama anafua leso zile, anazisugua weee, doa halitoki, anazianika kwenye kamba ya uani mbele ya nyumba nzima.

Siku moja mwenye nyumba akaniita.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Njoo unywe kahawa." Mtoto kupewa kahawa, nikajua kuna jambo. Akasogea karibu. "Zile leso za baba yako, ni kila wiki?"

"Kila Jumapili."

"Na mama yako anajua?"

"Si ndiye anayezifua."

Akafumba macho, akanipa na kashata. Nilikula kashata yangu, nikaenda kuruka kamba.

Tangu hapo tukapendwa. Lo, tulipendwa. Jumatatu supu ya kongoro, Jumatano uji wa ulezi, Ijumaa asali kutoka Lindi ya kulamba na habasoda. Fundi cherehani wa chumba cha mbele, mtu asiyempisha hata mjamzito, alimpisha Baba kiti kisha akaenda kukaa mbali. Wachezaji bao waliacha kubishana akipita. Na barazani Baba akatengewa kikombe chake peke yake, kimefungwa uzi mwekundu kwenye kishikio, hakuna mwingine aliyekigusa. Baba alivimba. "Mnaona?" alituambia mezani. "Mtu akishakuwa na gari, heshima inakuja yenyewe. Nina mpaka kikombe." Mama alisema kimoyomoyo, nasi tukamsikia wote, kwamba watu hawa wana lao. Baba akamwambia aache wivu.

Lakini maneno ya Kariakoo hayakai Kariakoo. Mzee wa kanisa letu alipokuja kusali nyumbani kwetu, mwenye nyumba alimvuta pembeni akamwambia azungumze na ndugu, hali si nzuri. Yule mzee aliondoka kwenda Moshi mapema Desemba, kama wazee wanavyofanya, na siku alipofika alipitia kwa Bibi kabla hata hajafika kwake.

Siku chache kabla ya safari yetu, jioni, teksi ikasimama mbele ya nyumba. Akashuka Bibi, mwanamke ambaye hakuwahi kukanyaga Dar, akiwa na mkungu wa ndizi na jani la isale mkononi. Isale kwetu ndilo jani la kuombea msamaha. Mtu akikuletea, hata kama umeapa, unasamehe. Bibi alimpita Mama, akanipita mimi, akaenda moja kwa moja kwa Baba, akampa lile jani kwa mikono miwili.

"Mwanangu, nilikucheka juu ya gari. Nisamehe. Gari liache, twende ukafie nyumbani."

Baba alikuwa na bakuli la supu. "Nikafie?"

Baraza nzima ikainamisha vichwa. Mwenye nyumba akaanza kulia, na kwa kulia kwake maneno yote yakatoka: kifua, damu, leso, kikombe. Nilimwona Baba akikiangalia kile kikombe, na masikini, nadhani hilo ndilo lililomuuma kuliko kifo.

Baba akaweka bakuli chini. Alikwenda akawasha gari, akalizungusha mtaa mara kadhaa, akaja akaweka mawe. "Panda," akaniambia. Nikapanda, nikaua nge. Nikashusha herufi zote, nikapandisha. Mara hii Baba alisimama ubavuni, watu wote waone. Akachomoa stiki, akaifuta kwenye leso nyeupe, akainyanyua juu. Nyekundu.

Kisha mwenye nyumba akafuta machozi, akasema, "Na asali yangu yote ile."

Mtaa mzima ulicheka mpaka wapika chipsi wakaacha moto. Bibi hakucheka. Alinyoosha mkono akachukua jani lake, akalirudisha kwenye mkoba. "Basi bado sijaliona likifika," alisema.

Tulikwenda naye, amekaa mbele. Korogwe alimsimamisha Baba, akataka giaboksi iangaliwe, na leso akaishika yeye. Tulipoingia kihambani gari likazimika lenyewe, nadhani kwa uchovu. Bibi alishuka, akalizunguka lote polepole akiligusa gusa, kisha akatoa lile jani, limeshanyauka, akaliweka juu ya boneti. Baba alijifanya anatafuta kitu kwenye buti, akakaa humo muda mrefu.

Nyumba ile haipo tena. Limesimama ghorofa la maduka, na kamba yetu ya uani sasa ni ngazi za kupandia. Baba alijenga nje ya mji, nyumba nzuri, ukuta mrefu, waya juu. Nguo zetu zilianikwa ndani ya ukuta.

Huko ndiko alikougulia, safari hii kweli, kifua kile kile walichomwogopea. Aliugua muda mrefu. Hakuja mtu na supu, na siwalaumu, wangejuaje. Siku alipofariki tukafunga turubai na kupanga viti, na jirani yetu wa ukuta mmoja akamtuma mlinzi wake aje kuuliza kama tuna harusi.

Mama alicheka. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye mkeka, machozi yanamtoka, halafu akaniuliza kile kikombe cha Baba chenye uzi tulikiweka wapi.