Mtoto wa Msaidizi wa Chifu

Wakati wa vita vya pili vya Wazungu nilikuwa nasomea ualimu katika chuo kimoja karibu na Kimilili. Baba yangu alikuwa msaidizi wa chifu kule Kabuchai, na kazi yake kubwa ilikuwa kukusanya vijana wapelekwe kwa lazima kulima mashamba ya masetla Kitale. Mkufunzi wetu, Mwafrika pekee kati ya wakufunzi wa chuo, alikuwa na mdogo wake aliyechukuliwa hivyo.

Nasema ukweli, nilimpenda yule mkufunzi. Alikuwa na ulimi! Wakubwa wakiwa mbali, alifunga kitabu cha jiografia akatuambia ardhi hii ni ya nani, nasi tukasisimka. Nilikubaliana naye neno kwa neno. Lakini nikiinua mkono, macho yake yalinipita. Nikijibu sawa, aliguna: "Na babako anasemaje?" Darasa zima likacheka. Ningemjibu nini? Nimtukane baba mbele ya watu ili nipendwe? Mzazi ni mzazi. Nilinyamaza, naye akahesabu kimya changu kuwa jibu.

Siku ya mtihani wa kufundisha, nilifundisha hesabu za sehemu kwa viazi vitamu vilivyokatwa. Watoto walielewa, wakagombania kujibu. Mkufunzi, aliyekaa nyuma, aliniangusha.

"Sauti yako ni ya kuamrisha watu," alisema. "Umeirithi."

Bila kufaulu somo lile hakuna cheti, na neno lake lilikuwa la mwisho. Nilikasirika sana. Lakini ningemshtaki kwa nani? Kwa mkuu wa chuo, Mzungu, nimwambie mwenzetu anafundisha siasa? Angeishia jela, nami ningekuwa kweli mtu yule ambaye yeye alinidhania kuwa.

Jumamosi baba akaja kwa baiskeli, koti la serikali limefungwa vifungo vyote, jogoo mwekundu akining'inia kwenye usukani. Hakujua lolote. Alimpelekea mkufunzi jogoo yule kama ambavyo mzazi yeyote angefanya, kumshukuru kwa kumfunza mtoto wake. Mkufunzi alilitazama lile koti, akafunga mlango bila hata kumkaribisha.

Baba alirudi kwangu akicheka, jogoo mkononi.

"Kijana yangu, uko na bahati," akasema. "Ati amekataa kuku! Huyo mwalimu hataki kitu ya mtu. Ni mtu ya haki. Wewe soma tu."

"Ndiyo, baba," nikasema.